Shule ya Bure Inalipwa na Nani?

Katika mikutano ya jumuiya ndogo ndogo na ya vikundi vya akina mama, kuna swali ambalo halituachi. Wazazi wanauliza: "Tuliambiwa masomo ni ya bure, mbona watoto wanarudishwa nyumbani kwa ajili ya pesa?" Wengine, hasa wafanyabiashara, wanasema afadhali serikali ipunguze ushuru, halafu kila mzazi ajilipie shule anayoitaka. Maswali haya mawili ni ndugu. Hebu tuyaangalie pamoja.

Nani analipa ushuru?

Wengi hudhani mlipa ushuru ni yule anayekatwa mshahara mwisho wa mwezi. Sivyo. Tuchukue mama anayeuza viazi katika soko la Karatina. Asubuhi analipa ada ya soko kwa serikali ya kaunti. Jioni ananunua sabuni. Kama bei ni shilingi 116, shilingi 16 ni ushuru wa VAT, zinakwenda serikali kuu. Hata nauli ya matatu ina ushuru ndani yake, kwa sababu mafuta yanatozwa. Mama huyu hana mshahara, lakini ameshalipia shule kabla mtoto wake hajafungua daftari.

Kwa hivyo shule ya bure hasa haiko. Iliyoko ni shule ambayo sisi sote tumeilipia mapema. Ndiyo maana mzazi akidaiwa pesa tena kwenye lango la shule, ana haki ya kuuliza zile za kwanza zilikwenda wapi.

Watu wa soko huria wanasemaje?

Mwaka wa 1955 mwanauchumi wa Marekani, Milton Friedman, aliandika kwamba serikali inaweza kulipia masomo bila kuendesha shule yenyewe. Impe mzazi vocha, yaani karatasi yenye thamani ya pesa, naye aipeleke katika shule anayoipenda. Shule mbaya itakosa watoto, na shule nzuri itajaa. Wanaofuata mawazo hayo wanasema pia kwamba mtu hulinda vizuri pesa anayoitoa mfukoni mwake kuliko ile inayopitia ofisi nyingi.

Tusiwacheke. Hapa kwetu watu wameonyesha kwamba wanaweza. Baada ya mvutano na wamisheni mwaka wa 1929, wazazi wa Kikuyu walijenga shule zao huru kwa mikono na michango yao, huku wakilipa kodi ya nyumba kwa serikali ya mkoloni. Wakati wa hali ya hatari, kuanzia 1952, serikali ilizifunga. Baada ya uhuru ikaja harambee. Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi kilichoko Nyeri kilianza mwaka wa 1972 kama chuo cha ufundi kilichotokana na juhudi za wananchi wenyewe.

Lakini tulijaribu pia ule upande mwingine. Baada ya ripoti ya tume ya Kamunge ya mwaka wa 1988, serikali ilishika mpango wa kugawana gharama, maarufu kama "kosti shearing". Serikali ilipe walimu. Mzazi anunue vitabu na madawati, na ajenge madarasa. Wakati huo wakopeshaji wa nje nao walikuwa wakiibana serikali ipunguze matumizi. Matokeo tuliyaona katika miaka ya tisini: watoto wengi wa maskini waliacha shule, wengine wakaenda kuchuma majani chai na kahawa. Mwaka wa 2003 Rais Mwai Kibaki, mbunge wa Othaya na mwanauchumi, alipoondoa karo ya shule za msingi, wanafunzi waliongezeka kutoka kama milioni 5.9 hadi milioni 7.2 nchini. Watoto hao walikuwapo siku zote. Kilichowazuia ni pesa.

Mgao unavyofanya kazi

Leo serikali hutuma pesa shuleni kwa kuhesabu vichwa. Kiwango cha shule ya msingi kimekuwa shilingi 1,420 kwa mtoto kwa mwaka. Huu ni mpango unaokaribia vocha, kwa sababu pesa zinamfuata mtoto, ingawa ni katika shule za umma tu. Sasa piga hesabu. Shule ya mjini yenye watoto 600 hupata 852,000. Shule ndogo ya huko Kieni au karibu na msitu, yenye watoto 90, hupata 127,800. Lakini zote mbili zinahitaji mlinzi, na paa zote mbili zinavuja. Nyeri mjini au Nanyuki mzazi anaweza kuhamisha mtoto, kwa maana shule ziko nyingi. Huko kwenye miteremko mtoto wa miaka saba atavuka mito mingapi kutafuta shule nyingine? Soko hufanya kazi vizuri mahali penye maduka mengi. Penye duka moja, mnunuzi hana la kuchagua.

Tena pesa zenyewe hazifiki zote. Kwa shule za sekondari za kutwa, kiwango kilichowekwa ni shilingi 22,244 kwa mwanafunzi. Julai 2025 Waziri wa Fedha, John Mbadi, aliwaambia wabunge kwamba serikali haiwezi kutoa kiasi hicho chote. Pengo hilo linamrudia nani? Linamrudia yule mama wa viazi. Amelipa sokoni, sasa analipa tena shuleni.

Tufanye nini?

Maoni yetu ni haya. Wenye kutetea soko wana haki wanaposema kwamba mlipaji lazima asikilizwe. Lakini mtoto hakuchagua mfuko wa mzazi wake, kwa hivyo malipo ya pamoja hayana budi kubaki. Linalotakiwa ni sisi tulinde pesa ya pamoja kama tunavyolinda yetu.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inasema shule ya umma haitatoza karo ya masomo. Michango mingine inahitaji kibali cha waziri baada ya kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti. Mtoto hawezi kukatazwa shule kwa kukosa mchango huo, na kila pesa ipewe risiti rasmi.

Basi kwenye mkutano wa wazazi uliza mambo matatu: muhula huu mgao wa serikali ulikuwa kiasi gani na ulifika lini? Ulitumika kwa nini? Na huu mchango, kibali chake kiko wapi? Uliza kwa heshima, kwani mwalimu mkuu naye mara nyingi anangojea pesa ambazo hazijafika. Kumbuka pia kwamba chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya kaunti, kwa hivyo swali la huko mpelekee mjumbe wa wadi yako.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mali hii ni yetu. Twende na daftari.