Mpira Ulioponyoka Twickenham

Katika raga, noki-oni ni kosa la kawaida. Mpira ukimponyoka mchezaji ukaenda mbele, ukagusa ardhi au mtu mwingine kabla hajaudaka tena, refa hupuliza filimbi na wapinzani hupewa skramu. Akiupiga mbele kwa makusudi, adhabu ni penalti, pengine na kadi ya njano ya kukaa nje dakika 10.

Waingereza hulitumia jina hilohilo kwa athari zinazofuatana: mafuta yakipanda bei, nauli hupanda, kisha nyanya sokoni. Maana zote mbili zilionekana Oktoba 18, 2015 uwanjani Twickenham, London, katika robo fainali ya Kombe la Dunia.

Mechi ikielekea ukingoni, Uskoti ilikuwa ikiongoza Australia 34-32. Ikarusha mpira kutoka pembeni, nao ukaiponyoka na kwenda mbele. Nick Phipps wa Australia akaugusa, kisha Jon Welsh wa Uskoti akaudaka. Refa Craig Joubert wa Afrika Kusini akaamua kwamba Welsh ameotea, akatoa penalti. Bernard Foley wa Australia akaipiga ikaingia: 35-34.

Siku iliyofuata, shirikisho la World Rugby lilisema uamuzi huo haukuwa sahihi. Phipps aliucheza mpira kwa makusudi, kwa hiyo Welsh hakuwa ameotea. Australia ilistahili skramu tu, kwa ile noki-oni ya mwanzo. Lakini matokeo yalibaki palepale. Uskoti ilirudi nyumbani. Australia ikailaza Argentina 29-15, ikafika fainali na kushindwa na New Zealand 34-17.

Wengi walimshambulia Joubert. Hawakumtendea haki. Picha za video zilikuwepo, lakini kanuni za wakati huo hazikumruhusu kuzitumia kwa uamuzi wa aina ile. Alitakiwa kupambanua, kwa macho yake na kwa sekunde chache, nani aliugusa mpira na kwa nia gani.

Fundisho ni kwa watunga kanuni, wa michezo na wa nchi. Kosa dogo likiweza kuzaa hasara kubwa, anayeamua apewe nafasi ya kurudi nyuma hadi chanzo chake kabla ya kuadhibu. Maelezo ya kesho yake hayamrudishi uwanjani aliyekwisha kutolewa.