Breki zilizokwama katika gari kuukuu zahitaji subira, si nyundo

ANAYEFUFUA gari kuukuu, mathalan Volkswagen Beetle iliyolala uani kwa miaka mingi, aghalabu huanza na injini. Hata hivyo, injini ikizimika gari husimama; breki zikigoma, halisimami.

Chanzo cha breki kukwama ni unyevu. Mafuta ya kawaida ya breki hufyonza maji kutoka hewani. Gari likikaa bila kutumika, maji hayo huzua kutu ndani ya silinda za magurudumu na pistoni zikaganda. Viatu vya breki navyo hushikana na dramu.

Kwanza, zuia magurudumu yaliyo chini kwa mawe na utegemeze gari kwa stendi za chuma, si jeki pekee. Legeza kirekebishio ili viatu virudi ndani. Pulizia kitovu cha dramu mafuta ya kulegeza kutu, uyaache usiku kucha, kisha ugonge kwa upole ukizunguka. Ukitumia nguvu, dramu yaweza kupasuka. Viatu vikilowa mafuta hayo, vibadilishwe.

Jihadhari na vumbi. Viatu vingi vya zamani vilikuwa na asbesto, ambayo husababisha saratani. Usipulize vumbi hilo kwa kompresa wala kulifagia likiwa kavu. Lilowesshe kwa maji, kisha ulipanguze.

Kutoa pistoni, zuia zile zinazosogea, kisha mwenzako akanyage pedali taratibu ili mafuta yaisukume iliyokwama. Upepo wa kompresa huweza kuichomoa kwa kasi na kukujeruhi. Aidha, usioshe raba kwa petroli wala dizeli, kwani huzivimbisha, tumia spiriti.

Pistoni ikishatoka, kagua silinda. Kutu nyepesi husuguliwa ikaisha, lakini silinda yenye vishimo itavuja hata ukiitia raba mpya. Itupe. Paipu za mpira pia zibadilishwe, maana zikivimba ndani huzuia mafuta kurudi, na breki hushika tena.

Usione gharama. Beetle nyingi zilizoundwa kabla ya 1966 zina mkondo mmoja wa mafuta ya breki: silinda moja ikivuja, pedali hukosa nguvu kwa magurudumu yote manne.

Mwishowe, tia mafuta mapya na utoe hewa yote. Kanyaga pedali kwa nguvu kwa dakika kadhaa. Ikididimia, gari hilo lisiguse barabara.