Yoshitomo Nara

Yoshitomo Nara (alizaliwa Hirosaki, mkoa wa Aomori, 5 Desemba 1959) ni mchoraji na mchongaji wa Japani. Anajulikana hasa kwa picha za watoto wenye vichwa vikubwa, ambao humkazia macho mtazamaji. Kwa kuwa michoro yake inafanana na katuni, kwa kawaida huhesabiwa katika sanaa ya pop, ingawa uchangamfu wa katuni haumo.

Maisha

Nara ni kitinda mimba katika familia ya watoto watatu wa kiume. Wazazi wake wote wawili walikuwa wakifanya kazi, hivyo mara nyingi alibaki nyumbani peke yake. Alisikiliza redio ya wanajeshi wa Marekani waliokuwa na kambi mkoani humo, akaupenda muziki wa roki kabla ya kuelewa maneno yake.

Baada ya masomo ya sanaa mkoani Aichi alikwenda Ujerumani mwaka 1988, akawa mwanafunzi wa A.R. Penck mjini Düsseldorf. Lugha ilimshinda, na upweke wa utotoni ukamrudia. Huko ndiko mtindo wake ulikokomaa: mtoto mmoja tu, na nyuma yake hakuna nyumba, mti wala mtu. Alirudi Japani mwaka 2000.

Hisia zilizofichwa

Mfano bora ni mchoro wa mwaka 2000 uitwao Knife Behind Back, yaani "Kisu Nyuma ya Mgongo". Msichana mwenye gauni jekundu amesimama akiwa amenuna, mkono mmoja ukiwa nyuma. Kisu hakionekani popote. Jina la mchoro ndilo linalokitaja. Mwaka 2019 uliuzwa mnadani Hong Kong kwa karibu dola za Marekani milioni 25.

Ni kosa kuwaona watoto hawa kuwa waovu. Nara mwenyewe ameeleza kwamba silaha zao ni ndogo kama vichezeo, na kwamba wamezungukwa na watu wabaya wenye visu vikubwa zaidi.

Baada ya tetemeko la ardhi na tsunami ya 11 Machi 2011 alishindwa kuchora kwa muda. Akageukia udongo wa mfinyanzi, akifinyanga vichwa vikubwa kwa mikono, ambavyo vilitolewa kwa shaba nyeusi. Alama za vidole vyake zimebaki juu yake. Nyuso alizochora baadaye ni tulivu zaidi, baadhi zikiwa na macho yanayolengalenga machozi.