Kwenda kwa daktari wa wanawake mara ya kwanza: mambo ya kutayarisha mbele ya kutoka nyumbani

Hapa kwetu Butembo na Beni kuna wamama ambao wamezaa watoto watano ao sita, lakini hawajaketi hata siku moja mbele ya jinekologi, yaani daktari wa magonjwa ya wanawake. Walizaa kwa mkunga, wakapona, wakarudi sokoni ao shambani. Kuna pia wasichana wa Butembo wanaopendelea kupanda gari na kufanya kilomita zaidi ya 50 mpaka Beni, na wa Beni wanaokuja Butembo. Si juu daktari wa kule anapita wa hapa, ila hawataki jirani awaone kwenye benchi ya hospitali. Neno linalosikika ni lile lile: «Batu batasema niko na mimba.»

Jina la kazi hii limejulikana sana katika Kivu kupitia Daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi, kule Bukavu, aliyepata zawadi ya Nobel ya amani mwaka 2018. Yeye ni jinekologi. Kwa sababu amehudumia wanawake wengi waliobakwa, watu wengine wamebaki na wazo kwamba jinekologi ni wa waliobakwa tu, ao wa wenye mimba ngumu, ao wa wale wanaokosa mtoto. Hapana. Ni daktari wa kila mwanamke, aliyeolewa na asiyeolewa, mwenye mtoto na asiye naye, msichana na nyanya.

Nitasema na ya kwangu. Nilipokuwa na miaka 27, siku zangu za mwezi zilikuwa zinafika mpaka 12. Niliona aibu. Miezi tano nilikuwa ninanunua vidonge kwenye famasi, leo hivi, kesho vile. Siku nilipoenda mwishowe, nilikuwa nimeishiwa damu na sikuweza kupanda ngazi bila kusimama. Daktari aliona uvimbe ndani ya mfuko wa uzazi, unaoitwa miomu. Konsultasio ilichukua nusu saa. Aibu yenyewe ilipita ndani ya dakika mbili za kwanza. Ndiyo sababu ninaandika haya: usingoje siku maumivu yatakapokubeba kwa nguvu. Enda ukiwa bado unaweza kutembea na kujieleza.

Ni wakati gani wa kwenda?

Hakuna umri mmoja kwa wote. Ila kuna alama ambazo hazipashwe kufichwa:

- msichana amefikia miaka 15 na hajaona siku zake za mwezi;
- damu inapita siku 7, ao inajaza kotexi moja kila saa;
- maumivu ya siku za mwezi yanakukataza masomo, soko ao shamba;
- maji ya ukeni yamebadilika rangi, yananuka, ao unajikuna na kuwashwa;
- damu inatoka kisha tendo la ndoa, kati ya mwezi na mwezi, ao kisha kukoma hedhi;
- kuna uvimbe kwenye ziwa;
- mmetafuta mtoto mwaka 1 mzima bila kupata (miezi 6 kama mama amepita miaka 35).

Hata bila ugonjwa unaweza kwenda, kwa kutaka ushauri juu ya uzazi wa mpango ao kupimwa kansa ya shingo ya mfuko wa uzazi. Kansa hiyo karibu kila mara inatokana na kirusi kinachoambukizwa kwa njia ya ngono, na inaanza polepole, miaka mingi bila maumivu. Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) linashauri kuanza kupimwa kwenye miaka 30, na miaka 25 kwa mwanamke anayeishi na kirusi cha UKIMWI. Kipimo kimoja ni rahisi sana: muuguzi anapakaza asidi laini, sawa na siki ya jikoni, kwenye shingo ya mfuko wa uzazi na kuangalia kama kuna sehemu inageuka nyeupe.

Lakini kuna mambo yasiyongoja. Mwenye mimba anayetoka damu ao anayeumwa tumbo sana aende saa ileile. Na aliyebakwa afike hospitali mbele ya saa 72, juu ya dawa ya kuzuia kirusi cha UKIMWI. Dawa ya kuzuia mimba inaweza kutolewa mpaka siku 5, lakini kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Kama inawezekana asioge kwanza na abebe nguo alizokuwa nazo. Kama ameisha kuoga, aende tu. Kama saa 72 zimeisha kupita, bado aende.

Nianzie wapi?

Kwa wengi, mlango wa kwanza ni kituo cha afya cha mtaa. Muuguzi ao mkunga wa pale anaweza kutibu mambo mengi, na akishindwa anakuandikia karatasi ya kukutuma kwenye hospitali kuu. Butembo iko na zoni mbili za afya, ile ya Butembo yenye hospitali kuu ya Kitatumba na ile ya Katwa yenye hospitali yake. Beni nayo iko na hospitali kuu yake. Majinekologi si wengi, na hawapokei kila siku. Mbele ya kulipa pikipiki, tuma mtu ao piga simu kuuliza: daktari anapokea siku gani, kuanzia saa ngapi? Ni mwanaume ao mwanamke? Wakati mwingine utapokelewa na daktari wa kawaida. Hiyo si mbaya, naye amejifunza kazi hiyo, na atakutuma mbele kama inaomba.

Kwa wanaotoka vijijini, hesabu pia barabara. Tangu mauaji yalipoanza katika wilaya ya Beni mwaka 2014, tunajua wote kwamba saa ya kurudi ni muhimu kuliko saa ya kwenda. Toka mapema, na tafuta mahali pa kulala mjini kama konsultasio inaweza kukuchelewesha.

Uliza bei mbele. Konsultasio, labo na ekografi mara nyingi vinalipwa mbalimbali, na mtu anaweza kulipa ya kwanza kisha akakosa ya pili. Kama uko kwenye mituelle ya afya, beba karatasi yako na uliza inalipa nini. Na ukibeba dola, angalia isiwe imepasuka, unajua wenyewe namna inakataliwa.

Nibebe nini?

Kwanza, tarehe. Swali la kwanza la jinekologi karibu kila mara ni hili: «Siku zako za mwezi za mwisho zilianza lini?» Anataka siku ya kwanza ya kutoka damu, si siku ya kuisha. Wengi wetu tunaangalia dari. Andika tarehe hiyo kwenye simu ao kwenye kalenda ya ukutani, miezi miwili ao mitatu mfululizo.

Pili, dawa zote unazokunywa, na za kienyeji pia. Usiogope kusema kwamba ulikunywa majani ya bibi fulani. Daktari asipojua, anaweza kukuandikia dawa isiyopatana nayo. Beba fishi za zamani, matokeo ya labo na picha za ekografi.

Tatu, nguo. Vaa blauzi na jipu ao kikwembe, kuliko robo moja ndefu ambayo ukiitoa unabaki mtupu. Ongeza kikwembe kingine safi cha kujifunika.

Nne, maswali yako, yaliyoandikwa kwenye karatasi. Mbele ya daktari maneno yanapotea.

Juu ya usafi, oga kawaida na maji, basi. Usiingize ndani sabuni, limau, majani wala unga wa dawa. Mwili wa ndani unajisafisha wenyewe, na ukiosha siku ile unafuta alama ambazo daktari anatafuta. Siku mbili mbele ya konsultasio, acha dawa za kuingiza ukeni, isipokuwa kama daktari ndiye alikuandikia, na acha tendo la ndoa. Juu ya mkojo, uliza kwanza muuguzi. Kwa ekografi ya tumbo wanaweza kutaka kibofu kijae, na kwa kupimwa ndani wanataka kiwe kitupu.

Na kama uko kwenye siku zako? Kwa kipimo cha kansa, ni vizuri kungoja ziishe. Lakini kama ugonjwa wenyewe ni damu nyingi, usingoje.

Ndani mule wanafanya nini?

Kwanza ni maongezi. Daktari atauliza ulianza mwezi na miaka mingapi, ulibeba mimba ngapi, kuna zilizotoka, unafanya ngono ao hapana, na wenzi wangapi. Maswali haya si ya kukuhukumu. Ukidanganya, unadanganya matibabu yako. Kama ulikuja na mama ao bwana yako na hutaki asikie, sema: «Ninaomba tuzungumze sisi wawili.» Daktari anazoea kusikia hivyo.

Kisha anaweza kugusa tumbo na maziwa. Kama inaomba kuangalia ndani, utalala mgongoni, magoti juu. Anatumia chombo kinachoitwa spekulumu, chenye umbo la mdomo wa bata, kwa kufungua njia kidogo. Inasukuma, inaweza kusumbua, lakini haipashwe kuuma sana. Ikiuma, sema. Pumua polepole na legeza miguu, maana ukijikaza ndipo inauma.

Msichana ambaye hajafanya ngono aseme hivyo tangu mwanzo. Mara nyingi hakuna lazima ya kumpima ndani, ekografi ya juu ya tumbo inaweza kutosha. Na hapa nisemeshe wazazi: msimpeleke binti kwa daktari eti aangalie kama angali bikira. OMS na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalisema wazi mwaka 2018 kwamba kipimo hicho hakina msingi wa kisayansi na kinamuumiza mtoto. Hakuna daktari anayeweza kusoma jambo hilo kwenye mwili.

Una haki gani?

Unaweza kuomba daktari aeleze kila kitu mbele ya kukigusa. Unaweza kuomba muuguzi mwanamke ao mtu wako abaki chumbani. Unaweza kusema «simama kwanza», hata katikati. Na siri yako inalindwa na sheria: kipengele cha 73 cha kitabu cha pili cha sheria ya makosa ya jinai ya Kongo kinamuazibu daktari, mkunga ao mtu mwingine anayetoa siri ya mgonjwa aliyoipata kazini. Nami siku ile, kwenye dirisha la kupokea, niliulizwa ugonjwa wangu kwa sauti ya kusikiwa na benchi nzima. Leo ningejibu: «Nitamuambia daktari.» Jibu hilo linatosha, na halina matusi.

Mbele ya kutoka, uliza mambo manne: ugonjwa unaitwaje, dawa inakunywewa namna gani na siku ngapi, bwana ao rafiki yangu naye atibiwe, na nirudi lini? Swali la tatu linasahauliwa sana. Mama anapona, bwana hajatibiwa, na kisha wiki mbili ugonjwa umerudi nyumbani kwa mlango uleule.

Tunajua kwamba tangu Ebola ya 2018 mpaka 2020, iliyotangazwa Mangina na kugonga sana Beni, Katwa na Butembo, wengi walibaki na woga wa hospitali. Walioona ndugu yao akiingia pale bila kutoka hawawezi kuambiwa tu «acheni woga». Lakini woga unapungua mtu akijua mbele kitakachofanyika, nani atakuwa chumbani, na kwamba neno lake litasikiwa.

Wazee wa Kiswahili walisema: mficha uchi hazai. Na hata yule asiyetaka tena kuzaa asifiche, juu mfuko wa uzazi, maziwa na damu vinabaki mwilini mwake mpaka uzee. Leo jioni, mama, dada, chukua kalenda na uandike ile tarehe. Na kama uko na binti nyumbani, muonyeshe namna ya kuiandika.