Vioo vya Kompyuta Vyageuka Kamera Mitaani

Televisheni ilipoanza nchini Kenya mwaka 1962, na kwa miaka mingi baadaye, kutangaza tukio moja kwa moja kulihitaji gari zima la mitambo, mafundi wengi na nyaya nene zilizotambaa chini kama nyoka. Leo kijana wa Kibera au Kawangware mwenye kompyuta mbili, simu na rauta aweza kurusha harusi ya jirani yake, ikatazamwa na shangazi aliyeko Doha.

Lakini kamera peke yake haitoshi. Shangazi huyo ataka kuona picha za utotoni za bibi harusi na namba ya kuchangia. Kanisani waumini wataka maneno ya wimbo, na katika mazishi kuna picha za marehemu. Mambo hayo yote hukaa ndani ya kompyuta. Je, yatafikaje kwa mtazamaji?

Wapo waliozoea kuelekeza kamera kwenye kioo cha kompyuta. Matokeo yake twayajua: michirizi inayopanda na kushuka, mwanga wa dirisha, na kivuli cha mpiga picha mwenyewe. Njia iliyo bora ni kukifanya kioo chenyewe kuwa kamera. Programu ndogo huwekwa katika kompyuta yenye picha. Nayo hukinakili kioo na kukipeleka, kupitia rauta, hadi kompyuta ya mchanganyaji. Huyo hukiona kioo hicho kando ya kamera zake, akachagua kipi kitoke na wakati gani.

Vifaa vya kazi hii si vya matajiri pekee. Programu ya kuchanganya picha iitwayo OBS, iliyotoka mwaka 2012, hutolewa bure. Nayo njia ya kusafirisha picha iitwayo NDI ilitangazwa na kampuni ya NewTek ya Marekani mwaka 2015, na yeyote aweza kupata vifaa vyake vya msingi bila malipo.

Hapa ndipo wengi hukosea hesabu. Hudhani kwamba kila picha inayopita kwenye rauta hula bando. Sivyo. Picha inayotoka kompyuta hii kwenda ile, chumba kimoja, ni kama sahani ya chakula inayopitishwa dirishani kwa jirani: hailipi nauli ya matatu. Kinacholipiwa ni ile picha moja ya mwisho inayotoka kwenda duniani, nayo yaweza kutosheka na megabiti tatu hadi sita kwa sekunde. Humo ndani, kioo kimoja cha NDI kamili chaweza kuhitaji megabiti 125 kwa sekunde. Kwa hiyo fundi mwenye busara hutumia waya kati ya kompyuta na rauta, asitegemee hewa iliyojaa mawimbi ya vyumba mia vilivyobanana.

Wazo la mtandao wa nyumbani si geni Kibera. Taasisi ya Tunapanda ilijenga humo mtandao wa jamii, TunapandaNET, ulioziunganisha shule na vituo vya vijana bila nyaya. Na kabla ya hapo, mwaka 2009, vijana wa mradi wa Map Kibera walipita vichochoroni na vyombo vya GPS, wakaandika mabomba ya maji, vyoo, zahanati na shule. Ramani nyingi zilikuwa zikiuonyesha mtaa huo kama doa tupu. Mwaka 2010 ikafuata Kibera News Network, vijana wakinasa habari zao kwa kamera ndogo na kuzipeleka YouTube.

Sasa fikiri, msomaji: moto umezuka, au nyumba zinabomolewa. Mtangazaji kutoka mbali huonyesha moshi na vilio, basi. Kijana wa mtaani aweza kuonyesha moshi na, papo hapo, kuileta ramani ile kutoka kioo cha kompyuta: njia ni hii, zahanati ni ile, bomba la maji liko hapa. Huyo hasikitikiwi tu, anaeleza.

Umuhimu wa haya ulidhihirika mwaka 2020, korona ilipofunga makanisa. Hata yalipofunguliwa mwezi wa Julai, ibada iliruhusiwa watu 100 na saa moja tu, na wazee waliozidi miaka 58 wakaambiwa wabaki nyumbani. Kwa mzee wa Kawangware, simu ya mjukuu ikawa ndilo kanisa lake, na maneno ya wimbo yaliyo wazi yakawa kitabu chake.

Hata hivyo, kioo hakina haya. Ujumbe wa M-Pesa ukiingia katikati ya sala, ulimwengu wote utausoma. Zima jumbe zote kabla ya kuanza; afadhali zaidi, tenga kompyuta ya kazi hiyo peke yake. Andika kwa herufi kubwa, maana wengi hutazama kwenye simu. Na usitoe picha ya marehemu au ya mtoto kabla jamaa zake hawajaridhia.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Vijana wetu na wacheze kwao, lakini wajifunze ngoma vizuri kwanza.