Maji Barabarani Kisumu hadi Busia

Msafiri wa matatu baina ya Kisumu na Busia huzipita lugha za njiani kama azipitavyo nguzo za stima. Mwendesha baiskeli hana bahati hiyo, au tuseme hana hasara hiyo. Mlima humkausha koo, na koo likikauka hana budi kushuka, asukume baiskeli hadi kwenye boma la watu asiowajua, abishe hodi na kuomba maji. Hapo ndipo isimu inapomngojea.

Likizo ya Agosti iliyopita nilikuwa katika siku ya tatu ya safari iliyoanzia Nakuru na kupitia Kericho. Siku hiyo nilikuwa na kilomita zipatazo 110 mbele yangu. Kutoka Kisumu hadi Kisian barabara ni tambarare, ziwa likiwa kushoto. Kisha njia ya Bondo hujitenga, na ile ya Busia huanza kupanda kuelekea Maseno, kwenye kibao cha Ikweta. Malori ya mafuta yaendayo Uganda nayo hupanda hapo, na dereva wake hamwachii mwenye baiskeli ila ule ukingo wa lami uliomeguka. Kuhusu wahandisi wanaochora barabara kana kwamba baiskeli haijavumbuliwa, nitanyamaza leo.

Katika boma la kwanza, kabla ya Maseno, niliomba maji kwa Kiswahili. Mama mmoja akamwagiza bintiye alete pi. Mwendo mfupi baada ya Maseno nilifika Luanda, sokoni kwa Wanyore, na hapo nikaletewa amatsi. Nilipoteremka hadi Yala, neno likawa pi tena. Nikavuka mto Nzoia, na kufikia Bumala nilikuwa nimerudi miongoni mwa Waluhya. Jioni mjini Busia mzee wa Kiteso akaniambia kwao huitwa akipi, na mchuuzi aliyetoka ng'ambo akadakia kwa Kiganda: amazzi.

Mwanafunzi wa isimu na ayatazame maneno hayo kwa makini. Amatsi, amazzi na maji ni ndugu wa tumbo moja. Ni mzizi mmoja wa Kibantu, uliobadilika sauti kila ulikotia kambi. Pi na akipi nayo yana nasaba, kwani Kijaluo na Kiteso ni lugha za Kinailoti, ijapokuwa matawi yao, la magharibi na la mashariki, yaliachana zamani sana. Kwa hiyo katika mwendo wa siku moja, kwa nguvu za miguu tu, mtu huingia na kutoka katika jamii mbili kubwa za lugha za Afrika zaidi ya mara moja. Wala hakuna mahali nilipouona mstari. Baina ya Maseno na Luanda wapo wachuuzi wanaotaja bei kwa lugha zote mbili na kugombana kwa Kiswahili.

Busia yenyewe ina sifa nyingine. Huko ndiko wenye baiskeli walikozoea kuwavusha abiria na mizigo baina ya vituo viwili vya mpaka, wakiita "boda, boda". Neno la Kiingereza la mpaka likanyoshwa kwa silabi wazi, likarudiwa kama tunavyorudia polepole, likawa jina la kazi. Hapakuwa na kamati ya istilahi iliyoketi. Baada ya serikali kuziondolea pikipiki ndogo kodi mwaka 2008, pikipiki zikaitwaa kazi hiyo pamoja na jina lake. Leo mtoto wa Nairobi ukimtajia bodaboda, baiskeli haimjii akilini hata kidogo.

Sasa nawageukia walimu. Mtoto wa Luanda na mtoto wa Yala hufanya mtihani mmoja wa Kiswahili. Yule wa kwanza amekwisha kuzoea, kabla ya kuijua shule, kwamba nomino ina ngeli na kwamba ngeli hutawala maneno yaliyo kando yake. Amatsi ni ya ngeli ile ile ya maji. Wa pili ametoka katika lugha isiyo na ngeli za namna hiyo. Kivumishi chake hujali umoja na wingi, basi. Akiandika "maji hii imemwagika", hakufanya uvivu. Amefuata utaratibu alionao, na utaratibu huo una akili yake. Lakini kalamu nyekundu humwambia tu kwamba amekosa.

Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza mtoto aanze masomo kwa lugha ya eneo la shule, na kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinaitaka serikali ilinde lugha zetu zote. Hata hivyo, wengi wetu tulisoma chini ya kile kisahani alichovishwa mwenye kuteleza akasema lugha ya mama, adhabu ambayo Ngũgĩ wa Thiong'o aliieleza mwaka 1986 katika Decolonising the Mind. Mwalimu aliyelelewa hivyo si ajabu akiiona lugha ya nyumbani kuwa uchafu wa kufutwa ubaoni.

Najua nitaambiwa kwamba mwalimu mwenye watoto sitini hana wasaa wa kujifunza sarufi ya Kijaluo. Simtaki ajifunze yote. Namtaka atenge kipindi kimoja mwanzoni mwa muhula, awaulize watoto maji kwao husemwaje, na "maji haya mazuri" husemwaje, kisha aandike majibu sambamba na Kiswahili. Mtoto wa Yala ataona kwa macho yake ni wapi lugha ya pili inamdai kitu ambacho ya kwanza haikumdai. Pengine mwalimu mwenyewe ataona hivyo, hasa aliyehamishiwa huko kutoka mbali.

Asubuhi iliyofuata nilivuka mpaka na kushika njia ya Tororo. Huko wako Wapadhola, ambao lugha yao ni jamaa ya karibu ya Kijaluo ijapokuwa Wateso na Wasamia wamesimama katikati. Kiu iliponishika, pi ndiyo niliyoletewa.