Wali wa Jana na Joto la Voi

Kukiwa na arusi au hitima hapa Voi, pilau hupikwa alfajiri, wageni wakala adhuhuri. Kinachobaki hufunikwa sufuriani hadi usiku, kisha hupashwa moto, kwani tumelelewa tukiamini kuwa moto huondoa kila dhara. Imani hiyo yafaa tuirekebishe.

Mchele huwa na bakteria ambao mbegu zao hustahimili mchemko. Wali unapopoa polepole, mbegu hizo huamka, huzaana na kutoa sumu. Ukiupasha moto, bakteria hufa, lakini sumu hubaki. Mlaji aweza kutapika ndani ya saa chache. Vivyo hivyo sumu itokanayo na mkono wenye kidonda uliogusa chakula.

Basi, chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2. Kigawanywe katika vyombo vipana kipoe upesi, kisha kitiwe katika friji. Asiye na friji apike kiasi cha kuliwa, na ziada awapelekee jirani kingali moto. Atapata na thawabu. Hata baridi ya Wundanyi si friji.

Iko sumu kali zaidi, ya botulizimu, ambayo huzaliwa mahali pasipo na hewa. Mwaka 1980 jarida la matabibu la Uingereza lilieleza mkurupuko wake hapa Kenya, uliotokana na kula kumbikumbi. Dalili zake ni kope kulegea, kuona vitu viwili viwili, ulimi kuwa mzito, kushindwa kumeza na kupumua kwa shida. Mgonjwa huyo asingojeshwe nyumbani hata saa moja. Hospitali ndiko kwenye msaada.

Nanyi akina mama wenye vichanga: asali ni neema, lakini yaweza kubeba mbegu za botulizimu, na utumbo wa mtoto asiyetimiza mwaka hauwezi kuzizuia. Tahniki na ifanywe kwa tende iliyolainishwa, kidogo sana, kwa mkono safi.

Anayetapika na kuhara apewe maji ya chumvichumvi ya dukani, kidogo kidogo. Akitoa damu, akikosa mkojo au akilegea, apelekwe kwa daktari mara moja.

Tunachukia kutupa riziki, na ni haki yetu. Lakini israfu huzuiwa wakati wa kupima mchele, si kwa kumlisha mtoto kilicholala. Tahadhari kabla ya hatari.